Gitaa la Kuagiza na Mipaka ya Umiliki

Mtu anapomwagiza fundi wa karakana ndogo amtengenezee gitaa la umeme kwa mkono, kwa vipimo vyake na kwa mbao alizozichagua mwenyewe, huingia katika uhusiano wa umiliki ambao falsafa na sheria zimeuhangaikia kwa karne nyingi bila kuafikiana. Gitaa lililotoka kiwandani halileti ugumu huo: liko dukani, lina bei, hulipiwa na kubebwa, na aliyelitengeneza hajulikani wala hatafutwi. Gitaa la kuagiza hupata mwenyewe kabla ya kupata umbo. Arubuni, yaani sehemu ya bei inayotangulizwa ili kuufunga mkataba, hutolewa wakati kitu chenyewe bado ni ubao unaokaushwa na mchoro wa penseli. Mteja hungoja miezi, na kwa mafundi wanaosifika hungoja miaka. Na siku kinapomfikia, kinakuwa kimekwisha kubeba jina la mtu mwingine juu ya shingo yake. Suala linalochunguzwa hapa ni hili: mwenye mali ya namna hiyo anamiliki nini hasa, na madai ya aliyeitengeneza yanaishia wapi? Hoja itakayotetewa ni kwamba gitaa hilo hushikwa kwa njia tatu, yaani kwa hati, kwa ujuzi wa kulitengeneza na kwa ujuzi wa kulipiga, na kwamba hati, ambayo ndiyo pekee inayotambuliwa na mahakama, ndiyo nyepesi kuliko zote.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza chombo chenyewe kifahamike. Gitaa la kawaida hukuza sauti yake kwa tumbo lililo tupu, ilhali gitaa la umeme la aina inayozungumziwa hapa lina mwili wa mbao uliojaa, na sauti yake hunaswa na pikapu, kifaa chenye sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hiyo huvuruga uga wake, na uvurugaji huo huzalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya waya, kwa kanuni ile ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Mkondo huo hupelekwa kwenye amplifaya na kurudi kuwa sauti. Kutokana na hayo wapo wanaodai kwamba, kwa kuwa pikapu husikia chuma na haisikii mbao, kazi ya fundi wa mbao katika gitaa la umeme ni urembo unaouzwa kwa jina la sauti. Dai hilo lina ukweli zaidi kuliko mafundi wengi wanavyopenda kukiri, lakini linakosea mahali pa kutazama. Unene wa shingo, mviringo wa ubao wa vidole, kimo cha freti (vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatisha shingo na kugawa sauti), uzito unaoning'inia begani kwa saa tatu: mambo hayo yote yanahusu mkono na mgongo wa mpigaji kabla ya kulihusu sikio la msikilizaji. Kinachoagizwa, kwa sehemu kubwa, ni kitu kilichokatwa kwa kipimo cha mwili wa mtu fulani.

Ikumbukwe pia kwamba agizo la namna hii halikuzuka kama anasa ya watu waliochoshwa na viwanda. Mwaka 1948, huko California, mwanamuziki Merle Travis alimchorea Paul Bigsby gitaa alilolitaka: jembamba, lenye mwili uliojaa, vigingi vyote sita vya kukazia nyuzi vikiwa upande mmoja, na sauti inayodumu kama ile ya gitaa la chuma linalopigwa likiwa limelazwa mapajani. Bigsby alikuwa fundi wa kuchonga vielelezo vya kusubia vyuma na mpenzi mkubwa wa pikipiki, na alilitengeneza gitaa hilo peke yake. Kiwanda cha Leo Fender kilianza kuuza magitaa ya mwili uliojaa mwaka 1950, na ubishi juu ya kiasi alichojifunza kutokana na gitaa la Travis haujaisha hadi leo. Kwa hiyo, katika historia ya chombo hiki, mteja mmoja na fundi mmoja walitangulia, na kiwanda kikafuata. Swali la nani alikuwa mwenye kazi ile, aliyechora au aliyechonga, liliulizwa mapema, na Travis mwenyewe hakuacha kukumbusha watu kwamba mchoro ulikuwa wake.

Plato alikwisha kulijibu swali la aina hiyo kwa ukali unaoshangaza. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anasema kwamba kwa kila kitu kuna sanaa tatu, ya kukitumia, ya kukitengeneza na ya kukiiga, na mfano anaouchagua ni wa ala ya muziki: mpiga zumari ndiye anayejua zumari ipi ni njema na ipi ni mbovu, naye humweleza fundi namna ya kuitengeneza, na fundi hutii. Mtumiaji ana maarifa. Fundi ana imani iliyo sahihi tu, aliyoipata kwa kumsikiliza mwenye maarifa. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Siasa, anarudia wazo hilo kwa upole zaidi anaposema kwamba nahodha huuhukumu usukani vizuri kuliko seremala aliyeuchonga.

Mpango huo wa Plato ungependeza kama maarifa ya mtumiaji yangekuwapo siku ya kuagiza, lakini hayapo. Mpiga zumari wake anazungumza juu ya zumari ambazo ameshazipiga, ilhali mteja wa gitaa la kuagiza anatakiwa kutoa hukumu juu ya chombo ambacho hakuna mkono uliowahi kukigusa. Anachompelekea fundi ni kumbukumbu ya magitaa mengine iliyochanganyika na matamanio, na mara nyingi na picha ya mwanamuziki anayemhusudu. Anasema anataka shingo nene kwa sababu aliwahi kupiga gitaa moja zuri lililokuwa na shingo nene, bila kujua kama uzuri ule ulitokana na unene au na jambo jingine kabisa. Fundi anayetii tu, kama Plato anavyomtaka, atatoa kitu kinacholingana na kila neno la agizo na kisichomfaa mwenye agizo. Fundi anayestahili jina lake huutazama mkono wa mteja, humsikiliza akipiga, kisha hupima ni maneno yapi ya kufuata na yapi ya kuachwa yapite. Hapo utaratibu wa Plato unapinduka: kwa muda, fundi ndiye anayemjua mtumiaji kuliko mtumiaji anavyojijua, na maarifa hayo yanabaki ndani ya mbao hata baada ya mazungumzo kusahauliwa.

Wanasheria wa Kiislamu waliikabili hali hii wakiwa upande wa mkataba, na uchambuzi wao una manufaa hata kwa msomaji asiye Mwislamu, kwa kuwa waliuliza swali ambalo sheria nyingi za kisasa hulipita haraka. Kanuni ya jumla ya fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, huzuia kuuza kitu kisichokuwapo, kwa sababu ya utata unaoweza kuzaa dhuluma. Mkataba wa salamu, ambapo bei hulipwa yote papo hapo na bidhaa iliyoelezwa hukabidhiwa baadaye, uliruhusiwa kama ubaguzi. Madhehebu ya Hanafi yaliongeza mkataba wa pili uitwao istisnaa, yaani kumwagiza fundi atengeneze kitu kwa vifaa vyake mwenyewe, na hawakuficha kwamba kwa kufuata kiasi, yaani mlinganisho mkavu wa kanuni, mkataba huo ungekataliwa; waliukubali kwa istihsani, yaani kuiacha hukumu ya mlinganisho kwa ajili ya inayofaa zaidi, kwa vile watu wa kila zama walikuwa wakiagiza viatu na vyombo bila mtu kuwakataza. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, hawakuufuata mkondo huo. Kwao agizo la namna hii halina budi kutimiza masharti ya salamu, na huona taabu zaidi pale kitu kinapokuwa kimechanganywa mada nyingi zisizoweza kuelezwa kwa ukamilifu. Gitaa la umeme, lenye mbao za aina mbili au tatu, chuma, shaba, sumaku na vanishi, lingewapa kazi kubwa. (Wapo mafakihi ambao wangesimama hata kabla ya hapo, kwa kuwa uhalali wa ala za muziki zenyewe una hitilafu ya zamani baina ya wanazuoni, lakini hitilafu hiyo haihusiki na hoja hii.)

Mambo mawili katika mjadala wa Mahanafi yanagusa kiini cha suala. La kwanza ni hiari ya mteja. Abu Hanifa aliona kwamba mteja akikiona kitu kilichotengenezwa ana haki ya kukikubali au kukikataa, hata kama kinalingana na maelezo, kwa sababu amenunua kitu ambacho hakuwa amekiona. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alipokewa akisema kwamba kitu kikilingana na maelezo mteja hana hiari tena, kwa kuwa fundi ameshakata ngozi yake kwa kipimo cha mtu mmoja, na huenda asipatikane mwingine wa kuinunua kwa bei hiyo. Majalla, mkusanyo wa sheria za kiraia wa dola ya Uthmaniya uliotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876, ulichukua kauli ya Abu Yusuf. Inafaa kutambua jinsi sababu ya Abu Yusuf ilivyo nzito katika habari ya gitaa: kadiri kitu kinavyolingana na mtu mmoja, ndivyo kinavyopungua thamani kwa wengine, na kwa hiyo ndivyo mtu huyo anavyofungwa nacho. Mteja anayedai shingo ya kipimo cha pekee na nakshi ya jina la binti yake hazidishi uhuru wake kama anavyodhani. Anaupunguza, na anaupunguza kwa fedha yake mwenyewe.

Jambo la pili ni swali la kinachouzwa: je, ni kitu chenyewe au ni kazi ya mikono? Rai iliyoshika nguvu katika madhehebu hayo ni kwamba kinachouzwa ni kitu, na ushahidi wao ni huu, kwamba fundi akileta kitu alichokitengeneza kabla ya mkataba, au kilichotengenezwa na mtu mwingine, kikalingana na maelezo na mteja akakiridhia, mkataba umetimia. Wachache kati yao walisema kinachouzwa ni kazi. Kwa kiatu, rai ya wengi inaeleweka kabisa. Kwa gitaa la fundi wa kujitegemea, inagonga mwamba. Mteja akigundua kwamba gitaa lake lilitengenezwa na mkono mwingine, atajiona amelaghaiwa, hata kama kila kipimo ni sahihi na hata kama yeye mwenyewe, akiwa amefungwa macho, hawezi kulitofautisha na lile alilolitarajia. Mtu mkavu atasema huo ni ushirikina. Lakini kuna maelezo yasiyohitaji mizimu: mteja aliagiza kitu ambacho kina mtu wa kuulizwa. Freti ya kumi na mbili ikianza kuvuma miaka sita baadaye, yupo mtu anayekumbuka ubao ule ulitoka katika gogo lipi, ulikaushwa muda gani, na kwa nini shingo iliachwa na unene ule. Gitaa lililotengenezwa na mkono usiojulikana linaweza kuwa zuri vilevile, ila halina wa kulijibia.

Hapa ndipo mantiki ya fedha inapoanza kujikunja. Mwanafalsafa wa Kijerumani Georg Simmel, katika Falsafa ya Fedha ya mwaka 1900, alieleza namna fedha inavyowafungua watu kutoka katika vifungo vya nafsi kwa nafsi: mkulima anayelipa kodi ya ardhi kwa sarafu, badala ya kulipa kwa siku za kazi au kwa mazao maalumu, hana tena la kumwambia bwana wake, wala bwana hana la kumwambia yeye. Malipo hukata uzi. Mnunuzi wa gitaa la kuagiza hutumia chombo hicho hicho kwa shabaha iliyo kinyume, maana hulipa mara mbili au mara tano ya bei ya dukani ili uzi huo usikatike, ili pawe na jina na uso na barua zinazojibiwa. Ananunua kwa fedha kile ambacho kwa kawaida fedha hukifuta. Kwa sababu hiyo mkataba wake huwa na mashaka ndani yake tangu mwanzo, na mashaka hayo hudhihirika pale mmoja wa wawili hao anapokufa.

Kisa kinachoyaonyesha mashaka hayo waziwazi kuliko kingine chochote ni cha Jerry Garcia, mpiga gitaa wa bendi ya Grateful Dead ya Marekani, na Doug Irwin, fundi wa kujitegemea wa kaskazini mwa California. Irwin alimtengenezea Garcia magitaa kadhaa, na matatu kati yake yana majina yanayojulikana sana: Wolf la mwaka 1973, Tiger la mwaka 1979 na Rosebud la mwaka 1990. Tiger lilimchukua Irwin takriban miaka sita ya kazi ya hapa na pale. Lina uzito wa kilo sita hivi, ambao ni mzigo usio wa kawaida kwa gitaa, na uso wake ni wa kokobolo, mti wa Amerika ya Kati ulio wa jenasi moja na mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Wolf lina historia inayofundisha zaidi. Garcia, baada ya kulipokea, alilibandika stika ya mbwa mwitu mwenye uchu, mzaha wa mtu aliye huru na mali yake. Gitaa liliporudi kwa fundi kwa ajili ya matengenezo, Irwin hakuibandua stika ile akalisafisha. Aliichora upya kwa nakshi ya kupachikwa ndani ya mbao, na gitaa likapata jina kutokana na hiyo. Mmiliki aliandika juu ya kazi ya fundi, na fundi akayasoma maandishi hayo na kuyafanya sehemu ya kazi yake. Hati ya umiliki haikubadilika hata herufi moja katika tendo hilo, na bado gitaa lililorudi jukwaani lilikuwa na waandishi wawili.

Garcia alifariki tarehe 9 Agosti 1995, na wosia wake ulielekeza kwamba magitaa aliyotengenezewa na Irwin arudishiwe Irwin. Bendi ilipinga, ikidai kwamba magitaa hayo yalikuwa mali ya pamoja na hivyo Garcia hakuwa na uwezo wa kuyausia. Shauri hilo lilimalizwa kwa suluhu mwaka 2001, ambapo Irwin alipata Wolf na Tiger, na bendi ikabaki na mengine. Mtu anaweza kuuona wosia huo kama hisani ya mteja tajiri kwa fundi asiye na kitu, na huenda hisani ilikuwamo. Lakini angalau unaweza kusomwa kwa njia nyingine, yaani kama hukumu ya Garcia kwamba umiliki wake ulikuwa wa muda tangu mwanzo: alikuwa na haki ya kuvipiga vitu vile maisha yake yote, na haki hiyo ilipokoma kwa kifo, mtu aliyebaki mwenye dai lenye maana alikuwa yule aliyevijua kutoka ndani.

Dai la bendi nalo halistahili kudharauliwa, kwa sababu lina babu mwenye heshima katika falsafa. John Locke, katika Risala ya Pili ya Serikali iliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 1689, alifundisha kwamba mtu hukifanya kitu kuwa mali yake kwa kuchanganya nacho kazi ya mikono yake. Wengi huishia hapo, na mafundi hupenda kuinukuu kanuni hiyo kana kwamba iliandikwa kwa ajili yao. Ila katika sura ile ile Locke anahesabu vipande vya udongo wenye nyasi vilivyokatwa na mtumishi wake kuwa mali yake yeye Locke, bila kujieleza sana. Kazi iliyolipiwa, kwa maneno mengine, humhama aliyeifanya na kumwendea aliyeilipia. Kwa kanuni hiyo Irwin alikuwa mtumishi aliyekata vipande hivyo: alilipwa, akamaliza. Na kama fedha ilikuwa ya bendi, basi Garcia naye hakuwa na zaidi ya matumizi. Hali pekee ambayo Locke anaitosheleza bila kubaki na deni ni ya mtu aliyejitengenezea mwenyewe, kama Brian May wa bendi ya Queen, ambaye kuanzia mwaka 1963, akiwa bado mwanafunzi, yeye na baba yake Harold, mhandisi wa elektroniki, walitengeneza nyumbani gitaa liitwalo Red Special, shingo ikitokana na ubao wa meko ya zamani na alama za ubao wa vidole zikitokana na vifungo vya lulumizi vya mama yake. Hata hapo kuna wawili, baba na mwana, na Locke hasemi wagawane vipi.

Swali la matumizi bila umiliki lina historia yake katika muziki wa Kiswahili, na historia hiyo inasahihisha dhana kwamba tatizo hili ni la matajiri wa California tu. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, baada ya uhuru, bendi nyingi kubwa zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Wanamuziki waliajiriwa, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpiga solo aliyelijua gitaa lake kiasi cha kujua ni uzi upi unaochelewa kukaa sawa usiku wenye unyevu, na ni kitufe kipi kinachokwaruza kikizungushwa, hakumiliki hata kigingi chake kimoja. Alipohamia bendi nyingine, jambo lililokuwa la kawaida sana, aliondoka na vidole vyake tu. Ni rahisi kuuona mpango huo kuwa ni unyonyaji, na kwa maslahi ya mwanamuziki mara nyingi ulikuwa hivyo. Hata hivyo kuna upande mmoja ambao ulikuwa wa haki kuliko soko la magitaa ya kuagiza. Aristotle anauliza, katika Siasa, zumari bora wapewe nani, naye anajibu kwamba hawapewi wenye nasaba au wenye sura nzuri, hupewa wapigaji bora, kwa kuwa zumari ipo kwa ajili ya kupigwa vizuri. Bendi za taasisi, bila kumsoma Aristotle, zilifanya hivyo: gitaa la solo alipewa aliyejua kulipiga solo. Karakana ya fundi wa kuagiza humpa aliyetangulia kulipa, na si siri kwamba miongoni mwa hao wapo wanaolitoa gitaa kwenye sanduku lake ili wageni walione, kisha wakalirudisha.

Je, matumizi yanaweza kutenganishwa na umiliki kwa ukamilifu? Wafransisko wa karne ya 13 walihitaji jibu la ndiyo, kwa kuwa waliapa kutomiliki chochote, na Papa Nicholas III mwaka 1279 aliwasaidia kwa kuamua kwamba vitu wanavyovitumia ni mali ya Kanisa la Roma, na wao wana matumizi tu. Papa John XXII aliukataa mpango huo mwaka 1322, akisema kwamba katika vitu vinavyoisha kwa kutumiwa, kama chakula, haiwezekani mmoja awe na matumizi na mwingine awe na mali, kwa maana anayekula amekimaliza kile anachodai si chake. Hoja ya John XXII inafaa kupanuliwa kidogo, kwani gitaa nalo huisha kwa kutumiwa, ingawa polepole. Nyuzi za chuma huchimba freti mpaka zibadilishwe. Vanishi nyuma ya shingo hulainika pale kidole gumba kinapopita. Jasho hula chuma cha daraja. Mpigaji wa miaka ishirini ameondoa sehemu ya kitu na kuacha mahali pake umbo la mazoea yake, na umbo hilo halikuandikwa katika agizo lolote wala halimo katika hati ya mtu. Kama kuchanganya kazi na kitu ni msingi wa mali, basi kazi ya mpigaji nayo imechanganywa, na kwa mwaka mmoja tu wa mazoezi saa zake huenda zikazizidi zile za fundi.

Mwezi Mei 2002 Irwin aliyauza magitaa yote mawili kwa mnada. Tiger lilipata dola 957,500 na Wolf dola 789,500, na mwaka 2017 Wolf liliuzwa tena kwa karibu dola milioni 1.9 zilizotolewa kwa shirika la kutetea haki za raia. Wako waliomlaumu Irwin kwa kuuza alichorudishiwa kwa heshima. Lawama hiyo haina msingi, maana inamtaka fundi awe mlinzi wa kumbukumbu ya mtu mwingine kwa gharama yake mwenyewe, na inasahau kwamba alichokiuza ni hati, kitu pekee kati ya vile vitatu kinachoweza kuuzwa. Ujuzi wa kuyatengeneza haukuondoka mikononi mwake siku ya mnada, kama ambavyo haukuondoka alipomkabidhi Garcia. Ujuzi wa kuyapiga ulikuwa umeshazikwa, na wanamuziki ambao baadaye waliruhusiwa na wamiliki wapya kuyapiga jukwaani walilazimika kuanza wa kwao.

Ujuzi wa kutengeneza, kwa upande wake, unaweza kuhama bila hati kufuatana nao. Katika miaka ya 1990 fundi wa Australia, Greg Fryer, aliruhusiwa kulichunguza gitaa la Brian May, akatengeneza nakala tatu zake na kuzipa kila moja jina lake la pekee badala ya kuziacha zijifiche nyuma ya jina la lile la asili. Mwaka 1998, gitaa la asili lilipokuwa limechakaa kiasi cha kuhitaji kufunguliwa na kutengenezwa upya, May, ambaye alilichonga kwa mikono yake na ya baba yake na ambaye hakuna sheria wala falsafa inayoweza kumnyima hata chembe ya umiliki wake, hakulifungua yeye. Alimpa Fryer.